Damu ya Mia kwa Mia

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajavua hata koti la barabarani, Bibi Mia alipanda kwenye kiti kirefu cha maabara, akakunja mkono wa blauzi, na kuunyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza kama mtu anayekabidhi kombe kwa mshindi.

"Chukua," alimwambia Pipeti. "Na usimwage. Hiyo ni mali."

Pipeti, mtaalamu wa maabara, mwanamume wa makamo mwenye shingo ndefu na vidole vyembamba, alifunga mpira juu ya kiwiko, akagongagonga mshipa, akachukua. Mkono huo alikuwa ameuchoma mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuupata mshipa macho yakiwa yamefumbwa, na asubuhi nyingine, kusema kweli, yalikuwa yamefumbwa.

Maabara ilikuwa chini kabisa ya hospitali, pua na mdomo na chumba cha kufulia mashuka. Humo Bibi Mia alipima vimeng'enya, yaani vile vifanyakazi vidogo vya mwilini vinavyovunja hiki na kujenga kile, kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kimoja au kingine. Kazi ya namna hiyo haiendi bila mtu mwenye afya wa kulinganisha naye. Huwezi kusema mtoto ana kidogo mpaka ujue cha kutosha ni kiasi gani. Zamani, maabara ilipoanza, friji lilikuwa linagandisha rafu ya juu na kupasha moto ya chini, na damu za kulinganishia zilizoagizwa kutoka mbali zilifika zimeshaharibika. Bibi Mia, wakati huo akiwa bado dada mwenye shahada mpya na viatu vya kelele, akasema, "Ya nini kuhangaika? Mimi hapa." Akatolewa damu, ikapimwa, akaandika: mia.

Tangu siku hiyo kila mgonjwa alilinganishwa na yeye. Friji lilibadilishwa, kuta zikapakwa rangi, wakurugenzi wakaja na kuondoka. Mia ilibaki yeye. Jina la Bibi Mia wanafunzi hawakulisema kwa kunong'ona nyuma ya mgongo wake, maana mwenyewe alilipenda kuliko lile la kwenye cheti.

"Kwetu hatuugui," aliwaambia. "Kwetu mtu anakufa akishachoka kuishi."

Sasa, shida ya kujifanya mwenyewe kuwa mia ni kwamba wenzako wanaweza kukupita. Na walimpita. Dereva wa hospitali alitoka na mia na tisini na tano. Mlinzi wa geti, mia mbili na tatu. Muuguzi wa zamu, mia na tisini na nane. Mtu mwingine angejiuliza. Bibi Mia naye alijiuliza, ila alijiuliza juu yao. Akakata shauri kwamba amegundua hali mpya katika mwili wa binadamu: watu ambao kimeng'enya chao kinachapa kazi maradufu. Akaiita Uzidifu. Akaipangia na dalili zake: kucheka kwa sauti, kutotulia kwenye kiti, kula haraka haraka na kuwakatiza wenzako wanapozungumza. Dereva alishauriwa apunguze wanga. Mlinzi aliomba ruhusa ya wiki nzima kwa sababu ya Uzidifu wake, akapewa, akaenda kujenga choo chake. Wanafunzi walianza kutambiana kwenye korido.

"Wewe una ngapi?"

"Mia mbili na kumi. Niheshimu."

Mhadhara juu ya Uzidifu ulikuwa tayari, na picha za rangi. Bibi Mia angeusoma mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari Jumatatu ya wiki iliyofuata, na alikuwa ameshanunua viatu.

Furaha hiyo ingekuwa kamili kama si Nukta.

Nukta alikuwa mjukuu wake wa pekee, binti wa miaka minne aliyepewa jina hilo kwa udogo wake. Alipotaka kuinuka kutoka sakafuni aliinama kwanza, akashika vifundo vya miguu, kisha magoti, kisha mapaja, akajipanda mwenyewe kwa mikono mpaka akasimama wima, na kutabasamu kama aliyefika kileleni. Ngazi hakuziweza. Kitanda alipandishwa. Akilala, alihema kama mtu aliyekimbizwa.

Ugonjwa ulijulikana, tena Bibi Mia ndiye aliyekuwa akiufundisha. Mwili huweka akiba ya sukari ndani ya misuli, na kimeng'enya kimoja kina kazi ya kuivunja akiba hiyo ikishapitwa na wakati. Kikikosekana, sukari inarundikana kama taka za mtaa ambao gari la taka limeacha kupita, mpaka wakazi wanakosa pa kukanyaga. Misuli inalegea mmoja baada ya mwingine. Mwisho ni zamu ya moyo na misuli ya kupumulia. Dawa ipo: kimeng'enya chenyewe, kilichotengenezwa kiwandani, kinachoingizwa kwa dripu kila baada ya wiki mbili maisha yote. Bei yake haitamkiki mbele ya mtu aliyeshiba. Lakini kulikuwa na mpango wa kuigawa bure, kwa masharti kwamba kimeng'enya cha mtoto kiwe chini ya kumi ukilinganisha na mia ya mtu mzima wa afya.

Nukta alitoka na kumi na tatu.

"Kumi na tatu si chini ya kumi," alisema Bibi Mia, akiwa amekaa kwenye kochi la mwanawe na kikombe cha chai magotini.

Mwanawe, Injinia, alitazama dari. Alikuwa injinia wa lifti. Aliweza kuwatoa watu waliokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwama kati ya mama na mke tangu siku ya harusi, na hakuna aliyekuja kumtoa.

Mkewe hakutazama dari. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke aliyezoea kukaa kando ya watu wanaokaribia kumuua na kuwaambia, bila kupandisha sauti, wakanyage breki.

"Mama," alisema, "hiyo tatu iliyozidi, haiwezi kuwa imezidi kwa makosa?"

"Nimepima mara mbili, mwanangu. Namba ni namba."

"Mtoto hawezi kupanda kitanda."

"Naona."

"Unaona, halafu?"

"Halafu sayansi haina mjukuu."

Sentensi hiyo aliipenda kupita kiasi. Mara ya kwanza alimwambia Mkurugenzi wa hospitali, ambaye alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema nchi ingekuwa na watu kumi kama yeye ingefika mbali. Baada ya hapo aliwaambia wanafunzi, majirani, mtengeneza nywele, na mtu mmoja aliyempigia simu kwa kukosea namba. Kila alipoisema alihuzunika kidogo na kufurahi sana. Alikuwa mtu aliyekataa kupindisha kipimo kwa ajili ya damu yake mwenyewe. Wangapi wanaweza?

Kwenye kiti cha pembeni, bibi wa upande wa pili alikuwa akipinda ukingo wa kaptula ya shule. Alishona sare kwa riziki, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni mwaka mzima, na watoto wa mtaa walimwita Bibi Cherehani.

"Mkwe," alisema, sindano ikiwa mdomoni. "Kwa hiyo mtoto wa watu akiwa na kumi na tatu unamfukuza, na wa kwako akiwa na kumi na tatu unamfukuza vilevile. Haya, umenyooka. Sasa tumpeleke wapi mtoto na huko kunyooka kwako?"

"Utaniuliza kwanza ugonjwa umetoka wapi," alisema Bibi Mia.

"Sikuulizi."

"Nitakwambia. Ugonjwa huu hauji mpaka baba aubebe na mama aubebe, kila mmoja akiwa na nusu tu ya kimeng'enya. Wazazi hawa nimewapima. Mwanangu ana mia na mbili, safi kama mimi. Binti yako ana tisini na nane, hana neno. Wewe," alishusha kikombe, "una mia mbili na nne. Mzidifu kamili."

"Mimi?"

"Mashine ikikimbizwa hivyo kizazi kimoja, kizazi cha mbele inaungua. Nitaieleza vizuri kwenye mkutano."

Bibi Cherehani alitoa sindano mdomoni ili acheke kwa usalama, akacheka mpaka kochi likalia. "Mnasikia jamani? Nimemuunguza mjukuu kwa uzima wangu!"

"Unaona? Huko kucheka ndiyo dalili yenyewe."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa akimtazama Nukta, aliyekuwa ameanza tena safari yake ya kutoka sakafuni: vifundo, magoti, mapaja. Mpango wa dawa ulikuwa ukifunga kupokea watoto Ijumaa ya wiki hiyo, na usingefungua tena mpaka mwaka mwingine. Daktari wa moyo alikuwa ameshasema, bila kuzunguka, kwamba mwaka ni mrefu mno kwa moyo ule.

"Naenda kuomba apimwe upya," alisema Mwalimu. "Kwa Msimamizi wa mpango. Kesho."

"Nenda," alisema Bibi Mia. "Na mimi nitakuja. Sina cha kuficha."

Alisema kweli. Hakuwa na cha kuficha, na alipenda sana kuonekana hana.

Msimamizi wa mpango alikuwa mwanamume mkimya aliyefunga vifungo vyote vya shati, hata kile cha shingoni. Aliwapokea katika chumba kidogo cha mikutano chenye jagi la maji na glasi moja. Mwalimu alieleza ombi lake kwa maneno machache, akanyamaza. Bibi Mia alisimama, ingawa kila mtu alikuwa amekaa.

"Mimi sipingi," alisema. "Ila nataka ifahamike wazi. Kipimo hiki hakitaguswa na mkono wa ndugu. Si wangu, si wa mwanangu, si wa yeyote. Nitakaa nje ya mlango. Pipeti atapima, na nyinyi mtamsimamia. Kesho na keshokutwa asije mtu akasema mtoto amebebwa na bibi yake, wala ameangushwa na bibi yake."

"Vizuri sana," alisema Msimamizi. "Nimefurahi umesema mwenyewe. Na damu ya kulinganishia, itakuwa ya nani?"

"Yangu, kama kawaida."

"Wewe ni bibi yake."

"Ndiyo."

"Basi huo ni mkono wa ndugu."

"Huu ni mkono wa sayansi," alisema Bibi Mia.

"Umeota kwenye bega la bibi," alisema Mwalimu.

Bibi Mia alitazama huku na huku akitafuta mlango wa kutokea kwenye maneno yake, akakuta ameufunga yeye mwenyewe, na komeo juu. Kukataa kungekuwa kujisuta. Msimamizi, kwa upole uleule, alipendekeza watu watatu wasiohusiana na familia: yeye mwenyewe, mpishi wa hospitali, na mtu wa posta aliyekuwa amesimama mapokezi akisubiri kusainiwa boksi. Mia itakuwa wastani wa hao watatu.

"Yako nayo tutaipima, Daktari," aliongeza, "kwa heshima. Kama sampuli."

"Kama sampuli!" alirudia Bibi Mia. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa sampuli.

Siku ya kupima alikaa kwenye benchi la korido kama alivyoahidi, mgongo umenyooka, mvuke wa chumba cha kufulia ukimlegeza nywele. Kupitia mlangoni alisikia mashine ya kuzungusha damu ikipanda sauti, ikishuka, ikinyamaza. Alijua kila hatua kwa masikio. Sasa Pipeti anatenga chembe nyeupe. Sasa anaongeza dawa. Sasa anasubiri, na anakula karanga ingawa imekatazwa. Wafanyakazi waliopita na vitoroli vya mashuka walimsalimu kwa unyenyekevu, maana habari za sayansi isiyo na mjukuu zilikuwa zimefika mpaka huko.

Pipeti alipotoka, macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Kuna nini?"

"Daktari, sijui nianzie wapi."

"Anza na namba."

"Nukta ana sita."

"Sita ya nini?"

"Sita kwa mia. Mia ya wale watatu."

"Haiwezekani. Na mimi?"

Pipeti aliangalia viatu vyake. "Nimerudia mara mbili, Daktari. Sikutaka kukuletea kitu kama hiki bila kurudia."

"Pipeti."

"Arobaini na nane."

Nyuma yake Msimamizi alitokea, mkono wa shati ukiwa bado umekunjwa na pamba imebanwa kwenye kiwiko. Bibi Mia alisimama. Damu ilimpanda usoni, yote arobaini na nane.

"Mmekosea watu!" alisema. "Hamwoni? Wote watatu ni Wazidifu! Mmechukua Wazidifu mkawafanya kipimo, lazima mtoto aonekane chini! Na mimi vilevile! Wewe mwenyewe, Msimamizi, samahani, unakula haraka?"

Msimamizi alifikiri. "Kiasi."

"Unaona!"

"Inawezekana ni hivyo, Daktari. Siwezi kubisha, wewe ndiye mkuu wa maabara, na matokeo hayaendi popote bila saini yako. Lakini nitakuomba kitu kidogo. Niletee mtu mmoja asiye Mzidifu. Mmoja tu, nje ya familia. Niletee kabla ya Ijumaa, na kumi na tatu yako itasimama."

Kilichofuata kilisimuliwa hospitalini muda mrefu. Bibi Mia, Pipeti nyuma yake na sinia la sindano, alizunguka jengo zima akitafuta mtu mwenye damu kama yake. Hakuchukua wa kuokota. Alichagua watu watulivu, wenye heshima, watu waliofanana na mia. Alimchukua mhasibu mkuu, ambaye hakuwahi kuonekana akicheka: mia mbili na moja kwa hesabu ya zamani. Alimchukua mkutubi wa chuo, mwanamke anayenong'ona hata nyumbani kwake: mia mbili na kumi. Alimchukua kiongozi wa dini aliyekuja kuwaombea wagonjwa, akamkatiza katikati ya maombi: mia na tisini na sita. Wakili mmoja aliyelazwa kwa kuvunjika mguu alikubali kwa sharti kwamba asaini kwanza, akasaini, akatolewa, akatoka na mia mbili kamili. Watu walianza kujificha vyooni wakisikia mlio wa sinia.

"Daktari," alisema Pipeti, jasho likimtiririka, "mikono imebaki ya wachanga tu."

"Endelea."

Alhamisi mchana, juu ya meza ya maabara, kulikuwa na msitu wa mirija. Kwa namba, wote waliotolewa damu walikaa mahali pamoja, wamebanana kama abiria waliokubaliana nauli. Peke yao kule chini, kwenye nusu, walikuwa watatu. Yeye. Mwanawe, aliyemzaa mwenyewe. Na mwanamke mmoja ambaye Pipeti alikuwa amempima upya kwa ajili ya ukamilifu tu: mkwe wake. Katika jengo zima lenye watu wa kila namna, ukiondoa aliyemtoa tumboni, aliyefanana naye kwa damu alikuwa yule mwalimu wa udereva.

Bibi Mia alivuta kiti, akakaa. Somo la nusu alikuwa amelichora ubaoni tangu ujana wake, duara upande mmoja jeupe na upande mwingine jekundu. Mbebaji, alikuwa akiwaambia wanafunzi, haumwi, hahisi, hajui, maana hata nusu inamtosha. Wala haikumjia hata siku moja kwamba aliyeshika chaki anaweza kuwa duara.

Uzidifu haukuwapo. Kulikuwa na watu wazima wenye afya, na kulikuwa na yeye.

Hata hapo, tusimpake mafuta, akili yake ilikimbilia kwingine kwanza. Angeweza kuandika kwamba suala linahitaji uchunguzi wa kina. Miezi mitatu, tuseme. Hakuna ambaye angemlaumu; uchunguzi wa kina haujawahi kumfukuzisha mtu kazi. Mhadhara ungesomwa Jumatatu, viatu vingevaliwa. Na Nukta? Hapo ndipo akili ilipokwama.

Mwalimu aliingia bila kubisha hodi, ametoka kazini moja kwa moja, funguo za gari mkononi. Msimamizi alikuwa nyuma yake.

"Mama," alisema, "Pipeti ameniambia. Yale ya damu mtanifundisha siku nyingine. Leo nataka jambo moja. Utasaini?"

"Unajua nikisaini ina maana gani?"

"Mtoto anapata dawa."

"Ina maana ugonjwa umetoka kwangu."

"Na kwangu. Nusu kwa nusu. Mbona mimi sijaanguka?"

"Wewe hukuwa mia."

"Ni kweli," alisema Mwalimu. "Mimi nilikuwa mkwe tu."

Pipeti alijifanya anaosha mrija uliokuwa safi.

Ingependeza kusema kwamba Bibi Mia alisaini kwa machozi. Alisaini kama mtu anayelipa faini ya barabarani. Alilalamikia kalamu, akauliza kama ni lazima neno "mbebaji" litokee kwenye ripoti au linaweza kuandikwa kwa herufi ndogo. Msimamizi akajibu kwamba herufi ni za saizi moja kwa watu wote. Akasaini. Mwalimu aliiangalia saini, akapumua, akakaa chini kwa ghafla kama aliyekatwa kamba.

"Kuna jambo jingine, Daktari," alisema Msimamizi. "Wale wengine wawili."

"Wengine gani?"

"Watoto waliozidi kumi. Uliowarudisha nyumbani."

Bibi Mia alifungua mdomo kusema namba ni namba, na namba zikamjia: mmoja kumi na mbili, mwingine kumi na tano. Akazigawa kwa mbili. Mvulana mmoja na binti mmoja. Wazazi wao aliwashauri mazoezi na lishe, na kwa wote wawili aliisema sentensi yake, kuwaonyesha kwamba hata wa kwake hapendelewi.

Alipiga simu mwenyewe. Hilo hakumwachia Pipeti. Mama wa mvulana alipiga kelele ya furaha akauliza aje saa ngapi. Baba wa binti alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza hata mara moja.

"Asante, mama," alisema. "Tulimzika mwezi uliopita."

Simu ilikatwa upande wa pili. Bibi Mia alibaki na simu sikioni. Mwalimu, ambaye alikuwa na maneno makali ya wiki nzima yakimsubiri mdomoni, alimtazama, akayaacha huko huko.

Jioni hiyo aliufuta mhadhara, na Wazidifu wote wakapona kwa mkupuo. Dereva akarudia wanga. Mlinzi akakataliwa ruhusa ya pili, akanuna.

Ijumaa Nukta alilazwa kwenye wodi ya watoto, kitanda cha dirishani. Alilia alipochomwa, akaacha, akadai aonyeshwe dawa ilivyo. Ilikuwa kama maji. Ilidondoka tone moja moja, taratibu kiasi kwamba Injinia, aliyesimama kando, alihesabu matone kama anayekagua mtambo. Bibi Cherehani alikuwa ameleta kazi yake, akishona vifungo na kumsimulia mtoto hadithi ya chura, na kucheka yeye mwenyewe kabla ya kufika kwenye kichekesho. Muuguzi alisema mabadiliko yasitarajiwe leo wala kesho. Miguu itachukua miezi, moyo utaangaliwa kila mara. Lakini imeanza.

Bibi Mia alikaa upande wa miguu. Hakuna aliyemwambia akae hapo.

"Mama," alisema Mwalimu. "Nyumbani kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Watano. Kwa nini?"

"Kama hiyo nusu unayo wewe, na wenzako huenda wanayo. Na watoto wao. Yule binti wa kaka yako mkubwa, si ana mimba?"

"Ya miezi mitano."

"Na mumewe amepimwa?"

Mwalimu alichukua simu ya mama mkwe wake kutoka kwenye meza ya kitanda, akamwekea mkononi. "Piga."

Kaka yake mkubwa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na alipokea simu kama anayefungua kikao. Bibi Mia alieleza. Alieleza vizuri, maana kueleza ndiyo ilikuwa kazi yake: nusu, mbebaji, mume na mke, mtoto aliye tumboni. Kaka alimsikiliza kidogo kisha akaacha.

"Damu yetu?" alisema, na sauti yake ilisikika mpaka kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. "Wewe una wazimu? Kaulizeni kwa hao wakwe zenu. Damu yetu inajulikana."

"Inajulikana na nani, kaka?"

"Na wewe! Si wewe uliyeipima miaka yote? Si ulisimama kwenye harusi ya binti yangu, mbele za watu, ukasema sisi ni mia kwa mia?"

Bibi Mia aliufunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"Anasemaje?" aliuliza Mwalimu.

"Anasema damu yetu nilishaipima."

"Basi mwambie ulikosea."

Kaka alikuwa bado anaongea, sasa amefika kwa babu yao na nguvu zake. Bibi Mia alisubiri pengo. Halikutokea. Akaingia bila pengo.

"Kaka, nilikosea."

Kisha kaka akasema mtandao unasumbua, hasikii vizuri, atampigia siku nyingine.

"Usikate," alisema Bibi Mia. Akasimama, kiti kikaburuza sakafu, akavuta pumzi na kulisema tena kosa lake kwa sauti ya darasani, neno moja moja, na wodi nzima ikageuka kumtazama.